Mwenye 19 anapofuka, mwenye 26 anaona: kisa cha ndugu wawili

"Mimi presha yangu haipandi, daktari. Hata ile ya macho walinipima, wakasema iko sawa."

Alisema hivyo kabla hajakaa vizuri kwenye kiti, akatoa pochi, na ndani ya pochi akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki, kama watu wanavyotunza kadi ya mpiga kura. Kilikuwa na tarehe ya miaka miwili nyuma, jina lake, na mstari mmoja wa kalamu ya bluu: kulia 18, kushoto 19, kawaida. Alikipata kwenye kambi ya upimaji wa macho bure iliyopita kijijini kwao.

Tumwite Mwalimu. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka 63, anaishi tambarare za Upareni. Ameniruhusu kusimulia habari zake, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Siku hiyo alisindikizwa na mdogo wake, dereva wa lori wa miaka 52, ambaye hakuja kutibiwa. Alikuja kumshika mkono kaka yake wakati wa kuvuka barabara ya kituo cha mabasi. Mpaka jioni wote wawili walikuwa na mafaili, na faili la mdogo mtu ndilo lililonisaidia kumweleza mkubwa kilichompata.

Mwalimu hakuja kwa sababu macho yanauma, wala hayakuwa mekundu. Alikuja kwa sababu ya sabuni. Asubuhi moja alikuwa ananawa uso, povu likaingia jicho la kulia, akalifumba. Mbele yake ukutani kuna kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ndefu yenye picha juu na tarehe chini. Kwa jicho la kushoto peke yake aliziona tarehe. Picha hakuiona. Si kwamba ilikuwa nyeusi au imefunikwa na ukungu, haikuwepo tu, ukuta uliendelea kama kawaida. Alipofumbua la kulia, Mlima Kilimanjaro ukarudi mahali pake. Alirudia mara tatu, akafumba hili akafumbua lile, kisha akamwita mkewe aje aangalie kalenda. Mkewe akaona kalenda nzima.

Tulichokikuta

Mwalimu alisoma ubao wa herufi vizuri sana. Jicho la kulia 6/6, la kushoto 6/9. Angekuwa anaomba leseni ya udereva, angepita. Ninalisema mapema kwa sababu watu wengi, wakiwemo baadhi ya watumishi wa afya, hudhani anayesoma herufi ndogo hana tatizo kubwa. Ubao ule unapima katikati ya macho tu, na glakoma, ugonjwa huu ambao wengi tunauita presha ya macho, kwa kawaida huiacha katikati hadi mwisho.

Nikachukua tochi ya kawaida. Ukimulika jicho moja, mboni za macho yote mawili hujikunja. Ukiihamisha tochi haraka kwenda jicho la pili, mboni inatakiwa ibaki imejikunja, kwa sababu mwanga ni uleule. Ya Mwalimu haikubaki. Kila tochi ilipohamia kushoto, mboni zilitanuka, kana kwamba nimepunguza mwanga. Jicho la kushoto lilikuwa linapeleka taarifa hafifu kwenye ubongo kuliko la kulia. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika na hakihitaji umeme wa gridi. Nitakirudia baadaye.

Presha ya macho siku hiyo, saa saba mchana, ilikuwa kulia 19, kushoto 20. Bado ndani ya kile kinachoitwa kawaida, 10 hadi 21, kwa vipimo vya milimita za zebaki. Nikamtia dawa ya kupanua mboni, tukasubiri, nikachungulia nyuma.

Kule nyuma ndiko neva ya kuona inakoanzia safari ya kwenda kwenye ubongo. Ina nyuzi zaidi ya milioni moja, zote zinakusanyika na kutoka kupitia sehemu moja ya duara. Katikati ya duara hilo pana kishimo ambacho sisi tunakiita kikombe. Kwa mtu mzima mwenye neva nzuri, kikombe mara nyingi huchukua theluthi hivi ya upana wa duara, na kando yake kuna ukingo mnene wenye rangi ya chungwa, ambao ndio nyuzi zenyewe. Nyuzi zikifa, ukingo unakonda na kikombe kinapanuka. Kikombe cha jicho la kulia la Mwalimu kilikuwa 0.7. Cha kushoto kilikuwa 0.9, na upande wa chini ukingo ulikuwa umekwisha kabisa, mishipa ya damu ikidondokea ndani ya shimo kama kamba inayoteremka kisimani.

Kipimo cha uwanda wa kuona, kile cha kuweka kidevu kwenye mashine na kubonyeza kila unapoona nukta ya mwanga, kikakamilisha picha. Jicho la kushoto lilikuwa limepoteza kwa wastani desibeli 15 za uwezo wa kuona mwanga hafifu, karibu nusu yote ya juu. Tayari ni hatua kali. La kulia lilikuwa limeanza tu, desibeli 4. Jicho hupindua picha, hivyo ukingo uliokufa chini ndio uliofuta Mlima Kilimanjaro juu.

Kwa nini hakujua? Kwa sababu macho ni mawili, na ubongo hujaza pengo. Mabango mengi ya hospitali huchora glakoma kama mtu anayechungulia kwenye bomba jeusi. Sipendi picha ile. Wagonjwa huitazama wakasema "mimi sioni weusi wowote," wakaenda zao. Wengi hawaoni weusi. Kinachotoweka hakiachi doa, na jirani yake hutandazwa kufunika nafasi.

Jina linalopotosha

Sasa turudi kwenye ile kauli yake ya kwanza, maana ndani yake kuna makosa mawili, na yote mawili yametokana na jina tulilolizoea.

Kosa la kwanza ni la haraka: presha ya macho si presha ya mwili. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu 120 kwa 80 maisha yake yote akapofuka kwa glakoma, na mwingine akawa na presha ya damu ya kutisha na macho yake yakawa salama upande huu. Ni mirija tofauti na vimiminika tofauti.

Kosa la pili ni zito zaidi na hata sisi wa kliniki tunalibeba. Tukiuita ugonjwa "presha ya macho," mgonjwa anaelewa kwamba ugonjwa ni ile presha. Ikiwa juu, unaumwa. Ikiwa kawaida, huumwi. Lakini glakoma ni ugonjwa wa neva. Presha ni kitu kinachoiumiza neva hiyo, na kati ya vyote vinavyoiumiza ndicho pekee ambacho tuna uhakika tunaweza kukipunguza na kupata faida. Tunakipima kwa bidii kwa sababu hiyo. Basi jina la adui mmoja tukalipachika kwa ugonjwa mzima.

Namna presha inavyotokea si siri. Nyuma ya lile duara lenye rangi linaloizunguka mboni kuna tezi ndogo zinazotengeneza maji safi, mikrolita 2 hadi 3 kila dakika. Maji haya si machozi, hayatoki nje kabisa. Yanapita kwenye mboni, yanaingia chumba cha mbele, yanalisha sehemu ambazo hazina mishipa ya damu, kisha yanatokea pembeni, penye kona ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na lile duara lenye rangi, kupitia wavu mwembamba na mfereji unaoyarudisha kwenye damu. Fikiria karo lenye bomba lililoachwa wazi kidogo mchana na usiku, na tundu la kutolea lenye chujio. Chujio likianza kuziba, bomba haliambiwi. Maji hayamwagiki kwa kuwa karo limefunikwa, kwa hiyo ukuta wote unasukumwa. Na kwenye ukuta wa jicho sehemu dhaifu ni pale nyuma, penye matundu kama ya chekeche, ambamo nyuzi za neva hupita. Chekeche likipinda, nyuzi zinabanwa, na damu inayozilisha inapungua.

Aina ya Mwalimu, kona iko wazi na chujio ndilo lenye matatizo, huenda polepole na kimya. Ipo nyingine ambayo kona yenyewe hujifunga ghafla. Hiyo haina ukimya: jicho linauma hadi kichwani, linakuwa jekundu, mtu anatapika, taa anaziona na pete za rangi, na presha inaweza kupita 50. Hiyo ni dharura ya saa, si ya wiki. Nilimchungulia Mwalimu kona kwa lenzi yenye vioo, zilikuwa wazi zote mbili, basi tuiache.

21 ilitoka wapi

Mwalimu alitaka kujua nani aliyesema 21. Swali zuri, na mara chache mgonjwa huliuliza.

Katika miaka ya 1950 huko Ujerumani, Wolfgang Leydhecker na wenzake walipima macho ya maelfu ya watu wasiojulikana kuwa na glakoma. Wastani ulikuwa 15.5. Wakaangalia watu hutofautiana kwa kiasi gani kwa kawaida, wakaongeza kiasi hicho mara mbili juu ya wastani, wakafika karibu 21. Maana yake ilikuwa kwamba watu wachache hupita hapo. Hawakuwa wamegundua kwamba neva hufa kuanzia 22 na kupona kuanzia 20.

"Kwa hiyo ni alama ya kufaulia," Mwalimu akasema. "Tumeipanga sisi."

Sijapata mfano bora, na sasa nautumia kwa kila mtu. Mwalimu yeyote anajua kwamba mtoto aliyepata alama moja chini ya mstari na yule aliyepata moja juu yake hawatofautiani. Mstari umewekwa ili kazi iende.

Utafiti wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa 1991, ulionyesha hali hiyo waziwazi: takriban nusu ya waliokutwa na glakoma, presha yao siku ya kupimwa mara moja ilikuwa chini ya mstari. Kambi inayopima presha peke yake inaweza kuwaruhusu nusu ya wagonjwa warudi nyumbani wakiwa na kikaratasi.

Lakini hata ile 19 ya Mwalimu haikuwa 19 kamili. Kulikuwa na sababu mbili.

Ya kwanza ni saa. Presha ya jicho haitulii kama namba ya nyumba, inapanda na kushuka kutwa nzima, na kwa watu wengi huwa juu usiku wa manane hadi asubuhi. Kambi ilimpima mchana. Mimi pia nilimpima mchana. Wiki iliyofuata nilimwomba alale mjini kwa dada yake, aje saa mbili asubuhi. Kulia 22, kushoto 25.

Ya pili ni unene wa konea, kile kioo cha mbele. Kipimo tunachokiamini zaidi kilibuniwa na Hans Goldmann wa Bern, Uswisi, katika miaka hiyohiyo ya 1950. Kinaibonyeza konea mpaka duara la upana wa milimita 3.06 lilale bapa, na nguvu iliyotumika ndiyo inayokupa presha. Goldmann alipiga hesabu akichukulia konea zote zina unene wa karibu nusu milimita, akijua kwamba hilo si kweli kabisa. Konea nyembamba hulala kirahisi, hivyo namba inatoka ndogo kuliko ukweli. Konea nene hugoma, namba inatoka kubwa. Fundi anayepima upepo wa gurudumu kwa kulibonyeza kwa kidole anaielewa hesabu hii: baiskeli na lori haziwezi kuhukumiwa kwa kidole kimoja.

Konea za Mwalimu zilikuwa na maikroni 488 na 485 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Nyembamba. Na wembamba huo, mbali ya kuipotosha namba, umeonekana kwenye tafiti kuwa dalili ya hatari peke yake. Hakuna kanuni ya kujumlisha au kutoa inayokubalika kwa mgonjwa mmoja mmoja, na nikimwona mtu anaandika "19, baada ya kusahihisha 22" huwa napata mashaka. Inatosha kujua kwamba 19 ile ilisemwa na jicho lisilojua kupaza sauti.

Mdogo mtu

Wakati namweleza kaka yake, dereva alikuwa anacheka pembeni. "Dokta, huyu wa 19 unamfanyia yote haya. Mimi nina 28 na sijafa."

Ikabidi nimgeukie. Miaka mitatu iliyopita alikwenda kutengeneza miwani mjini, akapulizwa upepo na mashine, akaambiwa ana presha ya macho 28. Akaandikiwa timolol, matone ya kushusha presha ya jicho. Tangu hapo alikuwa anajinunulia kwenye maduka ya dawa njiani, popote lori lilipomfikisha, asubuhi tone na jioni tone. Hakuwa amekosa hata wiki moja. Katika wagonjwa wangu wote wa glakoma sina anayetumia dawa kwa uaminifu kiasi hicho, na huyu hakuwa na glakoma.

Nikamuuliza maswali ya kawaida. Kuna matone mengine anatumia? Hilo huwa nalisisitiza, kwa sababu matone yenye deksamethasoni, yanayouzwa kwa macho yanayowasha, huweza kupandisha presha ya jicho kwa watu fulani, na ukimkosa huyo utamtibu bure. Hapana, hatumii. Ana ugonjwa mwingine? Alikuwa na pumu utotoni, "ilishaisha." Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba siku hizi akipanda juu ya mzigo kufunga turubai anakata pumzi, na mwaka jana alipewa dawa ya kuvuta.

Tone la jicho haliishii jichoni. Linateremka kwenye kijifereji cha machozi hadi puani, linaingia kwenye damu bila kupita kwenye ini, na timolol ikifika kwenye mapafu ya mtu mwenye pumu inabana njia za hewa, ikifika moyoni inapunguza mapigo. Ni dawa nzuri, ya zamani, ya bei nafuu, na imeokoa macho mengi. Haikustahili kuwa kwenye mfuko wa mtu huyu. Tuliisimamisha siku hiyohiyo.

Baada ya wiki nne bila dawa, presha yake ilikuwa 26 macho yote mawili, asubuhi. Pumzi ilikuwa imerudi, na hilo ndilo alilolitaja kwanza. Kona ziko wazi. Vikombe 0.3, ukingo mnene pande zote. Uwanda wa kuona hauna pengo hata moja. Konea: maikroni 604.

Watu kama yeye wana utafiti wao. Marekani, kuanzia miaka ya 1990, watu zaidi ya 1,600 wenye presha kati ya 24 na 32 lakini neva nzima waligawanywa: nusu wakapewa dawa, nusu wakaangaliwa tu. Matokeo yalitolewa 2002. Baada ya miaka mitano, walioachwa bila dawa 9.5 kwa mia walipata glakoma; waliotibiwa 4.4 kwa mia. Unaweza kusoma hapo kwamba dawa inapunguza hatari kwa zaidi ya nusu, na ni kweli. Unaweza pia kusoma kwamba wengi wa wenye presha ya juu, bila dawa yoyote, hawakupata glakoma katika miaka hiyo, na hilo nalo ni kweli. Lililonivutia zaidi ni konea. Kati ya wale ambao hawakutibiwa na presha yao ilikuwa kubwa kuliko wenzao, takriban 25.75 kwenda juu, wenye konea nyembamba walipata glakoma 36 kwa mia, na wenye konea nene 6 kwa mia.

Sikumwambia ndugu dereva kwamba yuko salama. Kaka yake ana glakoma, na damu ya karibu huongeza hatari mara kadhaa. Kwenye utafiti wa Rotterdam wa 1998, ndugu na watoto wa wagonjwa walikadiriwa kuwa na uwezekano wa 22 kwa mia wa kuipata katika maisha yao, ukilinganisha na kama 2 kwa wengine. Na sisi Waafrika weusi tunaipata mapema na kwa ukali zaidi. Kongwa, Dodoma, watafiti walipima watu 3,268 wa miaka 40 na zaidi vijijini, wakakuta glakoma kwa zaidi ya 4 kati ya kila 100, kama walivyochapisha mwaka 2000. Nilichomwambia ni kwamba neva yake ni nzima leo, tumeipiga picha, na kila miezi sita tutailinganisha na picha hiyo. Ikibadilika hata kidogo, zipo dawa zisizogusa mapafu.

Hakufurahi. Mtu aliyezoea kutumia dawa ukimwambia asubiri anahisi umemtelekeza.

Kumshusha Mwalimu

Kwa Mwalimu hakukuwa na kusubiri. Kilichokufa hakirudi, na nilimwambia hivyo bila kuzungusha. Lengo ni kilichobaki. Kwa jicho la kushoto nilitaka presha ishuke kutoka 25 hadi 15 au chini ya hapo. Mtu mwenye akiba ndogo hawezi kukopesha. Tafiti za muda mrefu za Sweden na Marekani zimeonyesha kwamba kila milimita moja inayoshuka ina faida, hata kwa wale ambao presha yao haikuwa juu.

Tulianza na latanoprost, tone moja usiku. Mwezi mmoja baadaye kulia 16, kushoto 17. Nilimpongeza. Miezi minne baadaye kulia 21, kushoto 24.

Hapa nilijifunza zaidi kuliko alivyojifunza yeye. Sikumuuliza "unatumia dawa?" kwa sababu wote hujibu ndiyo. Nilimwomba anionyeshe anavyotia. Aliinua uso, akabana chupa, tone likatua shavuni, akabana tena, la pili likaingia, la tatu likafuata kwa bahati mbaya. Chupa ya mwezi ilikuwa inaisha wiki ya pili. Pensheni yake hainunui mbili, hivyo alikuwa ameanza kuruka siku ili ifike mwisho wa mwezi. Na chupa ambayo haijafunguliwa, inayotakiwa kukaa kwenye friji, ilikuwa inangoja kando ya mtungi wa maji, kwa sababu aliambiwa "iwekwe mahali pa baridi" na mtungi ndio ubaridi alionao. Si mzembe. Alifanya kila alichoweza kwa maelezo niliyompa, na maelezo yangu yalikuwa ya mtu mwenye friji.

Nilimfundisha kulala chali, kuvuta kope ya chini ifanye kijifuko, tone moja tu, kisha kubana kona ya jicho kwenye pua kwa dakika mbili. Mkewe akachukua kazi hiyo. Lakini suala la pesa halikutatuliwa na kope.

Ndipo tukazungumza juu ya leza. Moshi, katika hospitali ya KCMC, ulifanyika utafiti ambao naona haujasemwa vya kutosha miongoni mwetu, kwa kuwa wagonjwa wake walikuwa watu wetu. Wagonjwa 201 wa glakoma yenye presha ya juu waligawanywa, wengine matone ya timolol, wengine leza ya kulainisha lile chujio la kutolea maji. Matokeo yalichapishwa 2021. Baada ya mwaka, macho yaliyofikia lengo yalikuwa asilimia 31 kwa timolol na 61 kwa leza. Leza hii haikati wala haichomi tundu. Mgonjwa anakaa mbele ya mashine dakika chache, anatiwa ganzi ya matone, anakwenda nyumbani. Nguvu yake hupungua kwa miaka, na inaweza kurudiwa. Na mtu asije akasoma 61 kama 100: karibu wanne katika kumi haikuwatosha.

Mwalimu alipewa rufaa, akapigwa leza macho yote. Miezi miwili baadaye, asubuhi, kulia 15, kushoto 17. Kwa kulia nimeridhika. Kwa kushoto 17 bado ni nyingi, kwa hiyo tukarudisha tone la usiku kwa jicho hilo, chupa mkononi mwa mkewe. Ikashuka 14. Nimemweleza pia upasuaji, ule wa kufungua njia mpya ya maji chini ya utando mweupe wa jicho, ambao kwa jicho lililoharibika kama hilo wenzangu wengine wangeutanguliza. Naheshimu hoja yao. Yeye aliomba tungoje, na mwaka mmoja baadaye ramani ya uwanda wake haikuwa imeongezeka pengo. Ikiongezeka, tutakwenda.

Ile kambi

Nimekaa na kikaratasi kile mara nyingi. Aliyekiandika hakukosea kipimo. Alipima sawa, akaandika sawa, kisha akaongeza neno moja ambalo kipimo hakikulisema: kawaida. Nami nimefanya kambi kama hizo, foleni hadi chini ya mkorosho, watu mia mbili na jua linazama, na nina hakika nimeandika neno hilo kwa watu wangapi sijui.

Tochi ya nusu dakika ingemkamata Mwalimu miaka miwili mapema, kwa kuwa jicho moja lilikuwa limelizidi lenzake kwa uharibifu. Kuchungulia neva kwa kifaa cha mkononi, hata bila kupanua mboni, kungeonyesha kikombe kile. Nikipewa kuchagua kifaa kimoja tu cha kambi, nitaacha tonometa, kile cha kupimia presha ya jicho, nichukue cha kuchungulia. Wapo watakaonipinga, na hoja yao ni kwamba kuchungulia kunahitaji jicho lililofundishwa ilhali namba haihitaji. Ni kweli. Ndiyo maana namba imetutawala.

Siku hizi kwenye kambi zetu hatuandiki kawaida. Tunaandika presha, saa iliyopimwa, hali ya kikombe kila jicho, na mstari unaosema ndugu wa damu wapimwe wakifika miaka 35. Karatasi imekuwa ndefu na foleni pia.

Mwalimu ana watoto wanne. Binti mkubwa amepimwa, vikombe vidogo, presha 14. Wa pili amepimwa, kikombe cha kushoto kinanitia shaka kidogo, tutampima uwanda mwezi ujao. Wa mwisho ana miaka 24, ana nafasi. Wa tatu yuko Mwanza, amepigiwa simu na baba yake mara tatu. Anasema hana haja ya kuja, alipimwa kazini juzi na presha yake haipandi.